Nilienda Kumsemea Nyambura Kwa Intavyuu

Leo nimejivua nguo mbele ya watu. (Nguo nilikuwa nazo zote, tena sare ya akina mama wa kanisa, na sweta juu. Lakini ndivyo ninavyojisikia.) Nimefika nyumbani, nimekunywa maji vikombe viwili, na masikio bado yanachoma. Wacha niwaambie, akina mama wenzangu wa kanisa, vile ilikuwa.

Mnamjua mjukuu wangu Nyambura. Yule mrefu, aliyepewa jina langu, ambaye nimemlea hapa Gitothua tangu ananyonya kidole. Alimaliza Form Four na akapata B. B! Mimi niliacha shule darasa la tatu nikaenda kuchuma kahawa. Hiyo karatasi ya matokeo nilitembea nayo kwa kiondo wiki mbili. Fundi wa viatu ameiona. Yule wa kuleta maji ameiona. Daktari wa presha aliniuliza kadi yangu iko wapi, nikamwonyesha B.

Lakini B haimbebi mtoto mpaka chuo. Kuna kuchagua kozi, kuna kutafuta chuo, kuna fomu za kujaza kwa mtandao. Kijana mmoja wa hapa nyuma alienda tu kwa saiba, pale pa kukodi kompyuta, akamwambia mwenye saiba, "Nichagulie yoyote." Akachaguliwa kufuga samaki. Mtoto anaogopa hata maji ya beseni! Sasa yuko nyumbani anaangalia ukuta.

Ndiyo nikafurahi kusikia kuna kikundi huko Thika, cha walimu waliostaafu na vijana waliosoma. Wanachukua watoto wachache waliomaliza Form Four na kuwashika mkono. Wanawaonyesha kozi, wanawapeleka kuona vyuo, wanaangalia fomu zao kabla hazijatumwa. Nafasi ni chache na watoto ni wengi, kwa hivyo unaitwa intavyuu kwanza. Nyambura aliandika barua yake, akaitwa. Leo, saa nne asubuhi. Nafasi hiyo aliitaka mpaka chakula kikawa hakishuki.

Wiki nzima alikuwa anasimama mbele ya kioo akijisifu. Ati yeye ni mwenye bidii. Ati yeye anajua kufanya kazi na wengine. Mimi niko jikoni nasikia, natikisa kichwa. Nikasema huyu mtoto ataaibika huko. Kwetu mtu hajisifu mwenyewe. Unasifiwa na watu wako, wewe umeangalia chini na kuchezea kidole.

Na kwa kusifu watu, wenzangu, mnanijua. Ni ruracio ngapi nimeenda mkinitanguliza? Siku ya mahari mimi ndiye msemaji wa akina mama. Nimesimama Murera, nimesimama Juja, mpaka Membley kwa wale wenye mageti nimesimama nikasema na nikasikilizwa. Msichana mwenyewe huwa hata hayuko hapo, amefichwa chumbani na wenzake. Wakubwa wanaongea, mambo yanaisha, watu wanakula. Nikajiuliza, hii intavyuu inaweza kuwa tofauti gani? Watu wanataka mtoto, wenye mtoto wanaenda kumwelezea.

Kwa hivyo nilijipanga. Mama yake Nyambura, yaani binti yangu, yuko kiwandani leo, kwa hivyo mlezi ni mimi. Nikachukua na Mama Nafula. Huyu ni jirani yangu anayeuza omena, wale samaki wadogo, mtu wa Bungoma, tumekaa ukuta mmoja miaka mingi. Nikachemsha ngwaci, vile viazi vitamu vyekundu, nikapanga kwa kiondo na ndizi juu. Thamosi ya chai. Bahasha ya vyeti nikaiingiza kwa mfuko wa plastiki, mvua isije ikatuletea mambo.

Nyambura akatoka chumbani, akatuona mlangoni.

"Cucu, wamesema mtu mmoja tu anisindikize."

"Huyo mmoja ni mimi."

"Na Mama Nafula?"

"Mama Nafula ni shahidi."

"Shahidi wa nini, cucu?"

"Wa tabia yako. Unaingia kwa watu bila shahidi kwani wewe ni mwizi?"

"Na hizo ndizi?"

"Hizo ni heshima."

Akaangalia Mama Nafula, kama mtu anaomba msaada. Mama Nafula akarekebisha leso na kusema, "Mimi nimevaa tayari, mtoto wangu."

Basi tukaenda. Intavyuu ilikuwa kwa darasa la shule moja huko Thika. Tulipofika tulikuta watoto wamekaa kwa benchi nje, kila mmoja na mzazi wake, wamenyamaza kama watu wanangoja kung'olewa meno. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kiondo. Nikamnong'oneza Mama Nafula, "Unaona? Wamekuja mikono mitupu." (Niliwahurumia! Mimi! Niliwahurumia!)

Mlango ukafunguka. "Grace Nyambura!"

Tukasimama watatu.

Ndani kulikuwa na watu wawili nyuma ya meza. Mmoja ni mama mzima, mwalimu mstaafu, nywele nyeupe fupi, miwani imefungwa kamba shingoni. Wote walikuwa wanamwita Madam. Wa pili ni kijana mwenye laptopu. Mbele ya meza kulikuwa na kiti kimoja. Kimoja! Nikasema hawa watu hawakujipanga. Mimi na Mama Nafula tukatoka, tukamwomba baba mmoja ainuke, tukaivuta ile benchi mpaka ndani. Inakwaruza simiti, kriiii, kriiii. Nyambura amefunga macho.

"Karibuni," Madam akasema. "Kumbe mko wengi."

"Hawa ni kidogo," nikamwambia. "Wengine tumewaacha nyumbani."

Madam akatabasamu, akamgeukia Nyambura. "Haya, Nyambura. Tuambie kidogo kuhusu wewe mwenyewe."

Nikasimama.

Nawaambia ukweli, hapo nilikuwa najisikia vizuri sana. Sketi nimeinyoosha, mikono nimeikunja mbele, sauti nimeishusha ile ya wageni. "Asante sana, Madam. Nyambura wa kwanza ni mimi. Huyu ni wa pili, na ndiye ameendelea mbele. Huyu mtoto alizaliwa na kilo nne..."

"Cucu," Nyambura akasema, sauti ndogo.

"Ngoja nimalize. Kilo nne! Hajawahi kulazwa hospitali. Hajawahi kuitwa kwa chifu. Shimo la takataka alichimba mwenyewe."

Kijana wa laptopu akakohoa. "Asante, cucu. Labda tuone vyeti kwanza."

Nikafungua mfuko wa plastiki na kuweka mezani cha kwanza. Akakishika, akakigeuza mbele na nyuma. Kilikuwa kadi ya kliniki, ile ya watoto wachanga.

"Amechanjwa zote," nikamwambia. "Angalia hapo chini, hata surua."

"Tulikuwa tunataka cheti cha matokeo, cucu."

"Hicho kipo, hakina haraka. Mtu huanzia mwanzo."

Kijana akafuata na cheti cha ubatizo, halafu picha ya Nyambura akiwa malaika kwa mchezo wa Krismasi, ndipo akafika kwa B. Madam alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mimi nikafikiri anawaza.

"Na unataka kusomea nini, Nyambura?"

"Unesi," nikasema. "Anapenda wagonjwa sana huyu."

(Nyambura akiona damu anakaa chini. Lakini hayo si mambo ya kuambia wageni.)

Mama Nafula naye akaona zamu yake imefika. Akasimama. "Mimi naitwa Mama Nafula. Nilivunjika mguu, huyu msichana akanipikia wiki tatu. Ugali yake inasimama. Ni hayo tu." Akakaa.

Nikaona mambo yameiva, nikainua kiondo na kukiweka mezani juu ya makaratasi yao. Ngwaci zilikuwa bado moto. Mvuke ukapanda kwa miwani ya Madam.

"Cucu, haturuhusiwi kupokea kitu."

"Madam, hiyo si hongo. Ni viazi."

Hapo kijana aliangusha kalamu chini, akakaa huko chini ya meza akiitafuta kwa muda mrefu kuliko kalamu inavyostahili.

Madam akavua miwani, akaipangusa. Akasema kwa heshima kabisa, "Akina mama, tumewasikia. Sasa tunaomba mtupishe kidogo, tuongee na Nyambura."

Mimi sikukasirika. Hata nilifurahi! Kwa ruracio, ukiambiwa mtoke nje kidogo, mjue kuna jambo linataka kukubaliwa. Nikamgonga Mama Nafula na kiwiko, tukatoka na kiondo chetu. Nyambura hakuniangalia.

Kama ningekaa hapo nje na kunywa chai yangu, leo ningekuwa mtu wa maana. Lakini benchi yetu ilikuwa imebaki ndani. Unakaa wapi? Tukazunguka nyuma ya darasa kutafuta kivuli. Na huko nyuma kuna dirisha. Na dirisha lina kioo kimoja kimetoka. Na chini ya dirisha kuna mawe ya kujengea, yamepangwa vizuri kama ngazi. Niambieni wenyewe, ni nani aliyaweka hapo kama si shetani?

"Mama, wewe una presha," Mama Nafula akasema.

"Shika sketi."

Nikapanda. Nikasikia sauti ya msichana inaongea, polepole, imenyooka, haitetemeki. Nikafikiri wameingiza mtoto mwingine. Nikachungulia. Ni Nyambura wangu! Mgongo umesimama kama mlingoti.

"Si unesi," alikuwa anasema. "Nataka kusomea upimaji wa ardhi."

Nikamwinamia Mama Nafula. "Ati kupima mashamba!"

"Mayi! Nyamaza, usikike!"

Kijana akamwuliza kwa nini. Nyambura akasema hivi: "Cucu ana kaploti Murera. Jirani alisema mpaka uko huku, cucu akasema uko kule. Walizozana miaka miwili. Siku moja akaja mpimaji na mashine yake ya miguu mitatu. Mimi nilikuwa Form One, akaniambia nishike futi upande mmoja. Akapima, akachimba kidogo chini ya nyasi, akatoa bikoni, ile alama ya mpaka. Nusu saa tu. Nikaona mtu mmoja amemaliza kelele ya miaka miwili bila kuinua sauti. Nikasema hiyo ndiyo kazi nataka."

(Kelele hiyo nyingi ilikuwa yangu. Nimeikubali.)

Nawaambia nilishika dirisha kwa mikono miwili. Mtoto nimelala naye nyumba moja, nimekula naye sufuria moja, na sikujua. Nilikuwa nimeambia soko nzima ni nesi. Hata kofia nyeupe nilikuwa nimeshaiona kichwani mwake. Nikasukuma kichwa ndani kidogo, ndiyo nisikie vizuri. Kikaingia chote.

Madam akafungua ukurasa. "Swali la mwisho, Nyambura. Ukienda chuo, ni changamoto gani kubwa unaona?"

Nikangoja aseme karo. Nikangoja aseme nauli, au chumba cha kukodisha.

Akaangalia mikono yake. Halafu akasema, "Ni cucu."

Haiya!

"Ananipenda," akasema. "Hiyo najua. Lakini ananijibia kila kitu. Dukani ananijibia. Kanisani ananijibia. Daktari akiniuliza naumwa wapi, cucu ndiye anasema. Sasa mimi naogopa nikifika chuo, mtu akiniuliza kitu, nitageuka kumtafuta."

Na mimi nikafanya nini? Nikashuka polepole? Nikaenda zangu kunywa chai?

"UONGO!" nikapiga kelele. "SIJAWAHI KUKUJIBIA HATA SIKU MOJA!"

Kalamu ya Madam ikasimama.

Madam akainua macho. Kijana akainua macho. Kichwa changu kiko kwa dirisha, peke yake, kama kile cha mbuzi kwa bucha. Nyambura hakugeuka. Hakushtuka hata kidogo. Alikunja tu mikono na kusema, "Ndiye huyo, Madam."

Wenzangu! Kijana alilalia meza. Madam alijaribu, naona alijaribu kabisa, akauma mdomo, akashika kifua, kisha akaachilia kicheko kikubwa cha kina mama, kile cha kupiga mapaja. Nikasema nitoke haraka. Kichwa kikakataa. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimeshikwa na ile ndoana ya kufungia dirisha.

"Nivute!" nikamwambia Mama Nafula.

"Si nakuvuta!"

"Unavuta sketi! Vuta mtu!"

Akavuta mtu. Nikatoka kwa nguvu, tukaangukia nyasi wote wawili. Kitambaa kikabaki ndani, kinaning'inia dirishani kama bendera. Na nywele zangu mnazijua, zile za mistari nilizosukwa tangu Pasaka. Nikainua macho na kuona wale wazazi wote wa benchi wamezunguka kona. Yule baba tuliyemwinua akasema, "Pole, cucu." Alisema kwa upole mpaka nikataka ardhi inipokee.

Nikaitwa ndani. Kijana akanipa kitambaa kwa mikono miwili, kama sadaka. Nikajifunga na kusimama mbele ya meza kama mtoto wa darasa la tatu. Nilikuwa sifikirii aibu tena. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja: nimemharibia. Mtoto amesoma miaka yote hiyo, ameandika barua yake, amejibu vizuri, na mimi nimeingiza kichwa nikamharibia.

"Madam," nikaanza, "makosa ni yangu. Mtoto hana..."

Akainua mkono. "Cucu, nina swali moja tu. Huyu msichana anataka kusomea nini?"

Jibu nilikuwa nalo! Nimelisikia lote, hata bikoni chini ya nyasi. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikaona Nyambura ananiangalia. Hakuwa ameniomba kitu, alikuwa tu anangoja kuona. Nikaufunga. Nawaambia kuufunga ule mdomo ni kazi ngumu kuliko kuchuma debe kumi za kahawa.

"Muulizeni mwenyewe," nikasema.

"Upimaji wa ardhi," Nyambura akasema.

Madam akaandika. Aliandika muda mrefu. Kisha akasema, "Nafasi tunampa. Watoto wengi wanakuja hapa kutuambia shida yao ni kufanya kazi kupita kiasi. Huyu ametuambia ukweli, tena ushahidi ukajileta. Jumamosi ijayo saa tatu aje na daftari, tuanze kuangalia ni vyuo gani vina hiyo kozi na wanataka nini. Na cucu..."

"Ndio, Madam."

"Aje peke yake."

Nje, Nyambura alitembea mbele kama hatujui. Mimi nyuma, Mama Nafula nyuma yangu na kiondo. Tulipofika kwa geti nikaona mabega yake yanatikisika. Nikasema, Ngai wangu, analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaja, akaniingiza mkono kwapani.

"Cucu, umenikasirikia?"

"Kwa nini hukuniambia unataka mashamba?"

"Nilikuambia mara tatu."

"Mimi? Nikasema nini?"

"Ukaniambia nataka unesi."

Mama Nafula aliangalia ndege juu.

Kwa steji kulikuwa na mama wa mahindi ya kuchoma. Akamwuliza Nyambura, "Nikupe laini ama gumu?" Mimi najua ni laini. Miaka kumi na nane nimemnunulia laini. Nikauma ulimi na kuangalia upande wa magari. Nyambura alifikiria, alifikiria, mpaka nikataka kuruka.

"Gumu," akasema.

Gumu! Amelitafuna lote na kufurahia kila punje. Sijui ni nani nimekuwa nikimnunulia lile laini.

Basi ni hayo. Nyambura amepata nafasi, na mimi nimepata mkwaruzo kwa shingo na jina jipya huko Thika. Kesho kanisani mwenye kucheka acheke wakati wa nyimbo, nisisikie. Nimeyaandika mwenyewe, tena haraka, kwa sababu Mama Nafula amechukua beseni yake ya omena na kuelekea sokoni, na akisimulia yeye, mtaambiwa niliingia dirishani mpaka miguu.